Mafunzo ya kriketi ya wikiendi kwa watoto, yako poa ila helmeti jamani

Mtoto wa dada nilimpeleka haya mafunzo hapa Dar nikijua ni kupiga mpira tu, kumbe kocha anaanza na uungwana wa mchezo kwanza, nimependa. Anasimama mwenyewe pale kwenye wiketi, vile vijiti vitatu vilivyosimikwa, anawaonyesha, mrushaji hajaachia mpira we mpigaji uliye upande wake ushatoka kwenye mstari, akigonga wiketi uko auti, na tangu 2022 sheria inaihesabu rani auti (kutolewa ukiwa nje ya mstari) ya kawaida kabisa sio uhuni. Kupaka mpira mate marufuku, ukiukwangua makusudi wapinzani wanapewa rani 5, yani pointi, za bure. Kumbishia ampaya, yani mwamuzi, ndo hataki hata kusikia. Ubaya helmeti chache, zinapokezanwa zikiwa na jasho, yani hapo wajirekebishe.