TAHADHARI: Anayeuza aikoni na "skrini maalumu za wazee" ni mwizi, msimpe simu zenu

Jamani, ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiruka herufi mnivumilie. Kuna mtu anauza mandhari za simu: anabadilisha aikoni, anabadilisha majina ya programu, anakupangia skrini ya kwanza unavyotaka. Mtu huyo ni mwizi. Ameingia kwenye simu ya mama, amekomba alichokikuta benki, kisha akajivika jina la mama na kuombaomba fedha kwa ndugu, kwa marafiki zake wa miaka mingi, hadi kwa wakwe zangu. Wakwe zangu! Tangu siku ile sijui nitawatazamaje usoni.

Mama haoni vizuri, wengi wenu mnajua. Aikoni za simu zimekuwa vimiraba vya rangi vinavyofanana, na maandishi ya chini yake ni madogo mno. Mama akitaka kupiga simu anafungua kamera, akitaka picha za wajukuu anajikuta kwenye kikokotoo, mwisho anaiweka simu mezani na kusema haitaki tena. Nilichotaka ni kitu kidogo tu: aikoni chache, kubwa, na chini yake majina anayoyatumia yeye mwenyewe. Simu iandikwe "Piga". WhatsApp iandikwe "Wajukuu". Picha ziandikwe "Albamu". Basi.

Naomba msiniambie ilikuwaje nikamwamini mtu wa mtandaoni. Ukurasa wake ulikuwa na kazi nyingi, picha za kabla na baada, watu wanamshukuru kwenye maoni. Halafu alinijibu kama mtu anayejali. Aliniuliza mama anaona vizuri zaidi rangi gani, anapenda herufi nene au nyembamba, anatumia mkono gani. Kabla sijalipa chochote alinitumia picha ya mfano: skrini ya bluu iliyokolea, aikoni sita kubwa, na yale yale majina niliyomwandikia. "Wajukuu" palepale, herufi nyeupe nene. Nilimwonyesha mama akaisoma bila miwani. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nililipa.

Baada ya malipo akaniomba orodha ya programu zote zilizomo kwenye simu ili "asisahau kuchora aikoni hata moja". Nikampa yote, na ya benki ikiwemo. Kisha akatuma faili, akasema hiyo ndiyo lancha yake (programu inayopanga skrini ya kwanza), imebeba aikoni na majina tayari, niisakinishe moja kwa moja kwa sababu kazi za oda haziwekwi kwenye duka la programu. Play Protect, ulinzi wa Google uliomo kwenye simu, ikagoma, ikatoa onyo. Nikampigia picha ya skrini. Akarudisha ujumbe wa sauti, sauti ya upole kabisa: "Usiogope dada yangu, hiyo inazuia kila kisichotoka kwao, izime kwanza halafu utaiwasha tukimaliza." Nikazima.

Hapo sasa ndipo sehemu inayoniuma kuliko zote. Faili likaingia, likaomba ruhusa ya ufikivu (Accessibility). Simu ikakataa tena, swichi imepauka, ikasema mpangilio huo umezuiwa kwa usalama wangu. Nikamwandikia kwamba haikubali. Akajibu papo hapo, hatua kwa hatua: nenda kwenye maelezo ya programu, bonyeza nukta tatu juu kulia, ruhusu mipangilio iliyozuiwa, weka namba yako ya siri, rudi uwashe. Nikamuuliza waziwazi kwa nini lancha ihitaji ufikivu. Ujumbe wake ninao hadi leo: "Ufikivu umetengenezwa kwa ajili ya watu kama mama yako, wenye shida ya macho. Bila huo aikoni kubwa hazitafanya kazi."

Mnaona alivyonipiga? Ni kweli kwamba ufikivu upo kwa ajili ya watu wenye shida ya macho. Kwa miaka mingi ndiyo njia ambayo vipofu wanasomewa skrini zao. Alichukua jambo la kweli akalifanya ufunguo wa mlango wa mama yangu. Simu iliandika kwamba programu hiyo itaweza kuona yaliyo kwenye skrini na kutenda kwa niaba ya mtumiaji, na mimi nikasoma nikaona ndiyo maana yake, imsaidie mama kubonyeza. Ikaomba pia kusoma arifa. Akasema ni ili namba za ujumbe usiosomwa zionekane juu ya aikoni. Hilo nalo lina ukweli wake, lancha nyingine halali huomba arifa kwa sababu hiyohiyo.

Na skrini ikatokea! Nzuri, ya bluu, kama kwenye mfano. Mama alibonyeza "Wajukuu" akawapata wajukuu, akafurahi, akanibariki. Nilimtumia yule mwizi ujumbe wa shukrani, nikaandika maoni mazuri kwenye ukurasa wake. Maoni yale nimeyafuta, lakini kama kuna aliyeyasoma akanunua kwa ajili yake, tafadhali anitafute leo hii.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi kwa sababu wengine mlipata zile meseji. Usiku simu ikawa nyeusi, ikaandika "inasasisha, usizime". Mama akaiacha. Wakati huo jamaa alikuwa ndani, anabonyeza kana kwamba kidole ni cha mama. Namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji alikuwa anazisoma kwenye arifa na kuzifuta. Akahamishia WhatsApp ya mama kwenye simu yake, akaiwekea namba ya siri ya hatua mbili ambayo sisi hatukuwa tumeiweka, kwa hiyo hata tulipoisajili upya kwa laini ya mama ilitubidi kusubiri siku 7 ndipo WhatsApp ituruhusu kuifuta namba hiyo. Siku zote hizo watu wanaona jina la mama, picha ya mama, kumbe wamekwisha kutumiwa ombi la fedha. Mlionipigia kuuliza, Mungu awabariki. Mliotuma fedha kwa kumpenda mama, sina maneno.

Kuliondoa lile faili kulikuwa vita. Nikitafuta jina la lancha kwenye orodha ya programu silioni. Limejibadilisha jina likawa "Huduma za Mfumo", limejivika aikoni ya gurudumu lenye meno kama ile ya mipangilio. Nikilifungua nilifute, ukurasa unajirudisha nyuma wenyewe. Kilichosaidia ni kuwasha simu katika hali salama, ambapo programu zilizoongezwa na mtumiaji hazifanyi kazi, kuliondolea haki ya msimamizi wa kifaa (ruhusa inayozuia programu isifutwe), kisha kulifuta. Baadaye tukaifuta simu nzima, maana sikuwa na imani nayo tena. Nywila tumezibadilisha kwa kutumia simu nyingine. Msibadilishe nywila kwenye simu ambayo bado ina mdudu, anaziona mkiziandika.

Sasa, ya kuangalia. Kubadilisha jina na aikoni kwenye skrini ya kwanza hakuhitaji kumwona mtu anachoandika. Lancha inabadilisha tu kile inachokionyesha, programu yenyewe chini inabaki na jina lake. Fungua orodha ya programu kwenye mipangilio utaliona lile la zamani. Kwa hiyo anayekwambia aikoni hazitakaa bila ufikivu anataka kitu kingine. Kwenye Android lancha nyingi za dukani zinakuruhusu kushikilia aikoni ukaandika jina lako na kuweka picha yako. Kwenye iPhone kazi hiyo inafanywa na Shortcuts iliyomo kwenye simu, watu walianza kuitumia kwa wingi ilipokuja iOS 14 mwaka 2020, na tangu iOS 17 ya mwaka 2023 kuna Assistive Access yenye vitufe vikubwa hasa kwa watu wanaosumbuliwa na simu ya kawaida. Ningekuwa nimeambiwa hili mapema!

Wenye iPhone msidhani mmepona. Mmoja wetu alitumiwa na mtu huyohuyo "profaili ya aikoni" ya kusakinisha, yaani faili la mipangilio ya simu. Profaili inaweza kuweka aikoni, kweli, lakini inaweza pia kubeba VPN (njia ya kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine) na cheti kinachomwezesha kusoma mawasiliano yako. Kama unayo, nenda Mipangilio, Jumla, VPN na Usimamizi wa Kifaa, iondoe sasa hivi.

Dalili nyingine: aliomba orodha ya programu zote, aliomba ulinzi uzimwe, alikuwa na jibu tayari kwa kila onyo. Tena alikuwa na haraka, kila nikikaa kimya anauliza "umefika wapi".

Mtu huyu afungwe. Kuiba ni kuiba, lakini kumchagua mama asiyeona vizuri, ukamuuliza anapenda rangi gani, ukamtengenezea skrini akaifurahia, ili umwibie kupitia skrini hiyohiyo? Nataka kila alichokusanya kirudishwe kwa wenyewe, na kurasa zake zote zifungwe, maana wa kwanza tukiuripoti atafungua mwingine wenye picha zilezile za kabla na baada. Ripoti iko polisi na benki imepewa maelezo yote.

Kama umewahi kununua kwake, usifute chochote: faili, risiti, picha za skrini, na hasa ujumbe wake wa sauti. Nitumie sanduku la ndani. Wapelelezi wameomba sauti zake kutoka kwa watu tofauti ili wazilinganishe, na mpaka sasa waliyonayo ni yangu peke yake.