Betri za Lori Wakati wa Baridi: Nunua Jozi, Usinunue Moja

Betri mpya, asubuhi ya baridi, lori haliwaki. Malalamiko haya hujirudia kila baridi inapokaza, na ukiuliza swali la pili utakuta mara nyingi kilichobadilishwa ni betri moja kati ya mbili. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye jozi. Ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi, ambazo muuzaji huzitaja kabla hata hujamsalimia, tutazigusa kwa kupita.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kosa ni la betri. Sikiliza stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Ikizungusha injini kwa kasi yake ya kawaida lakini injini haishiki, betri haina hatia. Angalia filta kama dizeli imeganda nta, na hita ya hewa inayoingia kwenye injini kama inapata moto. Ikizungusha kwa uzito, au inatoa tik-tik-tik tu, chukua multimita, kifaa cha kupimia volti.

Acha lori lilale usiku kucha, kisha pima kila betri peke yake. Volti 12.6 na zaidi imejaa, 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Halafu mtu apige stata huku umeshika ncha za multimita kwenye vichwa vya betri moja. Rudia kwa ya pili. Betri nzima, kwenye nyuzi 0, hubaki volti 9 au zaidi kidogo. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, isishuke chini ya 8.5. Moja ikiporomoka hadi 6 wakati mwenzake ina 10, mgonjwa umempata. Usizidishe sekunde 30 kwa kila pigo la stata, na ipumzishe dakika 2, la sivyo utanunua na stata pia.

Zote mbili zikiwa imara na stata bado inajikokota, hamia kwenye nyaya. Gusa kichwa cha chanya chenyewe, ile risasi, si kibanio kilichokikaba, na ncha ya pili iwe kwenye boliti ya stata, piga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti kwenye mfumo wa volti 12, au volti 1 kwenye wa 24, waya umeoza ndani au kibanio kimelegea. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi mwili wa stata. Usisahau ule waya mfupi unaounganisha betri mbili. Karibu kila mtu huuruka, na huko ndiko ungaunga mweupe wa chumvi hujificha chini ya kibanio. Usafishe kwa maji yenye magadi soda, kisha kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae.

Sasa kasoro yenyewe. Malori mengi ya volti 24 yana betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Umeme uleule hupita kwenye zote mbili, na alteneta, mtambo wa injini unaochaji betri, huona jumla tu. Ikipeleka volti 28.2, haijui kwamba betri moja imepata 14.9 na nyingine 13.3. Ile iliyotangulia kujaa huchemka na kupoteza maji. Ile yenye njaa haijai kamwe, sahani zake huota salfeti, chumvi ngumu inayozuia chaji, na asidi yake huwa nyepesi. Betri iliyojaa haigandi hata baridi ikifika nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyoisha kabisa huganda karibu na nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri, na kasha hupasuka. Kwa hiyo ukiunga betri mpya na ya miaka mitatu, unaziua zote mbili, na mpya ndiyo itakayokuuma zaidi kwa kuwa hujamaliza kuihesabu gharama.

Chanzo kingine cha jozi kuachana ni redio, friji ndogo au taa ya volti 12 iliyochomekwa kwenye betri moja kati ya mbili. Fundi aliyefanya hivyo ameiba umeme wa betri moja kila siku. Weka kigeuzi cha volti 24 kwenda 12 kinachovuta kwenye jozi nzima.

Dukani, basi, dai betri mbili za modeli ileile na tarehe ya kutengenezwa isiyopishana zaidi ya mwezi mmoja. Njoo na multimita yako. Betri isiyofika 12.5 iache hapohapo, hata ikiwa na karatasi ya plastiki bado. Imekaa rafuni bila kuchajiwa. Tofauti kati ya hizo mbili isizidi volti 0.05. Kabla ya kuzifunga, chaji kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12 mpaka ijae.

Kwa ubora wa kuwasha kwenye baridi, namba moja ni AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo. Upande huu tunaipendelea Varta waziwazi. ProMotive AGM ya ampea-saa 210 inatoa ampea 1200 za baridi, yaani nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi, na inakaa kwenye trei ya kawaida ya milimita 518 kwa 276. Hupokea chaji upesi, jambo kubwa kwa lori linalosimama kila mara, na huvumilia mtikisiko wa betri zilizofungwa nyuma ya chesisi. Masharti yake mawili: alteneta isipite volti 14.8 kwa kila betri, na isiunganishwe kamwe na betri ya maji. Malori ya volti 12 yenye betri tatu au nne zilizoungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, yachukue Odyssey 31-PC2150 yenye ampea 1150. Hapo pia badilisha zote, maana moja yenye seli iliyokufa hunyonya wenzake usiku.

Namba mbili ni EFB, betri ya maji iliyoimarishwa. Varta ya ampea-saa 240 nayo inatoa 1200. Kwa lori ambalo dereva halali ndani na hita haifanyi kazi usiku kucha, inatosha kabisa.

Namba tatu ni betri ya maji ya kazi nzito, ampea-saa 225 na ampea 1150 za baridi. Inafaa kwa safari ndefu za kila siku.

Litiamu tunaikataa kwa kazi hii: seli za chuma-fosfati hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 bila hita yake, na alteneta huanza kuchaji mara tu injini inapowaka. Betri za risasi za bei ya chini zisizo na jina, ziinue tu. Betri halisi ya 225 huzidi kilo 50. Nyepesi kuliko hapo, risasi haipo, hata stika iseme nini.

Na hizo stika zinaudhi. Ampea za baridi hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini kuna wauzaji wanaoandika ampea za nyuzi 0, namba kubwa zaidi, bila kutaja kipimo. Wengine hufuta tarehe kwa kitambaa chenye petroli, kisha wanakuuzia betri moja "kuokoa pesa", na jozi ikifa wanakataa dhamana kwa sababu hukununua mbili. Dai risiti yenye tarehe na namba za betri zote mbili.

Baada ya wiki moja ya kazi, lori likiwa limelala usiku, zipime tena moja moja. Zikipishana zaidi ya volti 0.1, fuata nyaya zote zinazotoka kwenye ile iliyo chini mpaka umpate mnyonyaji.