Bomba la Lita 2: Linapuliza Kila Mahali Isipokuwa Chini ya Jani

Haya jamani, karibuni tena uwani kwangu, Chuno, hapahapa Mtwara mjini. Huo mvumo mnaousikia ni upepo wa kusi, sio maiki. Maiki ni mpya, asanteni sana mliochangia. Na nyie mnaodai video ya mboji ya mabibo, subirini msimu wa korosho, mabibo nitayatoa wapi saa hizi?

Leo nina hili hapa. Bomba la mkono, lita 2, la kupulizia dawa. Jina nimelibandika plasta, maana hakuna aliyenilipa, na maneno yangu leo hayatampendeza mwenye mali.

Mambo ya kujaza na kupampu mnayajua, siwapotezei bando. Mie nina ugomvi na kitu kimoja tu. Mwanangu, sogeza simu hapa kwenye bamia. Karibu zaidi. Mnaliona hili jani? Juu safi, linang'aa, ukipita unasema bamia hii haina shida. Sasa naligeuza. Eeh! Hao wote ni inzi weupe. Na huku kwenye mshipa wa jani, hivi vijidoa vya kijani ni vidukari, wanafyonza maji ya mmea. Mtaa wao ni huku chini, juu huwaoni ng'o. Kwa hiyo bomba la bustani nalinunua lipulize wapi? Chini ya jani!

Haya, angalieni. Dawa imebaki nusu, upepo nimejaza. Napuliza mbele: safi, ukungu mzuri, mwembamba. Sasa nainamisha bomba kwa nyuma ili nozeli itazame juu. Sikilizeni. Pshhh! Mmesikia? Huo ni upepo mtupu, tone la dawa hakuna. Narudia. Pshhh! Na upepo wote umeisha, inabidi nipampu upya. Viroba viwili tu vya mboga, mkono hoi.

Tatizo liko ndani, ngoja nifungue. Huu mrija ni mgumu, umenyooka mpaka kitako cha chupa. Ni kama kunywa dafu: ukiliinamisha, maji yanakimbilia upande mmoja na mrija unabaki unavuta hewa. Chupa ikijaa huoni shida, ndiyo maana dukani wanakuonyesha likiwa limejaa. Wajanja hao.

Kuna kaka ameniuliza kwa nini nisitumie bomba la mgongoni, lile la lita 16 la kupulizia mikorosho. Kaka yangu, mie nina viroba na ndoo, sina shamba Newala. Halafu, la kuazima mliogope. Hujui jana lilibeba nini. Kama lilibeba dawa ya kuua magugu na halikusuuzwa vizuri, mchicha wako utauaga siku hiyohiyo. Mwingine anauliza salfa. Salfa hata kwenye kilimo hai inaruhusiwa, sikatai, lakini kule kwenye mikorosho inapambana na ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa kuvu. Kwa inzi weupe mie sihangaiki nayo, mwarobaini tunao kila kona ya mji huu, bure.

Ninachopuliza hapa ni mbegu za mwarobaini zilizokauka, nimemenya, nimetwanga. Gramu 50 kwa lita 1 ya maji, nimeloweka usiku kucha, asubuhi nimechuja kwa kipande cha khanga kuukuu, nimetia sabuni ya mche kidogo sana ili dawa ishike kwenye jani. Chujeni mara mbili, la sivyo nozeli inaziba. Na msitegemee mdudu aanguke papo hapo. Mwarobaini unamkatisha hamu ya kula, na mdudu mchanga anashindwa kujivua gamba akakua. Pulizeni jioni, jua likishapungua, maana jua linaiua nguvu ya dawa, na saa hizo nyuki wameshaondoka. Kusi ikivuma hivi acheni kabisa, ukungu wote unaenda kwa jirani. Leo napuliza kuwaonyesha tu.

Turudi. Nilienda duka la spea za pikipiki, nikanunua mpira mpya wa petroli, ule laini, shilingi 1,000. Mpya, sio uliotolewa kwenye pikipiki ya mtu! Mrija mgumu nimeukata, nimeacha kipande kifupi tu hapa juu. Mpira nauvisha hapo, unabana wenyewe. Mwisho wake naweka nati ya chuma cha pua, naivisha kwa nje ya mpira ili tundu lisizibwe. Nati inauvuta mpira, maji yakienda nyuma na mpira unakwenda nyuma. Nyie watu wa Shangani na Mikindani najua mna chubwi za mshipi wa kuvulia ndani, msithubutu. Ile ni madini ya risasi, ni sumu, na hii ni mboga ya kula.

Nafunga. Napampu. Nainamisha... Heee! Ona, ona, ona! Chini ya jani lote limelowa, matone yanachuruzika. Geuza lingine. Limelowa! Na hapa kuna kitufe cha kufungia kifyatulio, unakibonyeza, linapuliza lenyewe, mkono wa pili unashika jani. Hiki nakisifu kwa moyo mmoja, zile chupa za kusafishia vioo hazina, kidole kinakufa ganzi kabla hujamaliza kiroba cha kwanza.

Sasa bei. Nimelinunua 12,000 pale sokoni, ukiongeza mpira na nati hufiki 14,000. Nilikuja hapa nimekasirika niwaambie msilinunue. Kwa sasa nasema, kama una viroba vichache na hupendi kushika spana, subiri kwanza. Kama mkono wako mwepesi, chukua. Ila kiwanda kinachouza bomba la bustani lisilofika chini ya jani, hapo siwezi kuwatetea.

Ukimaliza tia maji safi, pulizia nje mpaka maji yatoke safi, toa upepo kwa ile valvu ya pembeni kabla hujafungua kifuniko. Usipotoa litakurushia dawa usoni.

Mazungumzo yetu ya moja kwa moja yamehamia Jumapili jioni, huku umeme wa Jumamosi siuamini. Na lipo bomba lingine, la njano, 18,000, muuzaji anaapa mrija wake wa ndani unajikunja. Nikamwambia nifungue nione, akakataa, eti nikifungua nimenunua. Haya, changamoto yake nimeipokea, nikipata hela nalifungua hapahapa mbele yenu.