Tiketi mbili, begi moja: nimejaribu kupitilizisha mzigo mara tatu, haya ndio niliyokutana nayo

Wengi wetu tunaosafiri Dubai na Dar tunafanya hivi, unakata tiketi ya Dubai mpaka Nairobi kwa shirika moja halafu Nairobi mpaka Dar kwa shirika lingine, kwa sababu ukijumlisha inakuja bei chee kuliko tiketi moja. Na kila mara pale kaunta swali ni lile lile, hili begi linapitiliza mpaka mwisho au nalichukua njiani? Mimi nimeijaribu hiyo huduma safari tatu kwa mashirika tofauti. Majina siyataji.

Safari ya kwanza nilikuwa narudi kwenye harusi ya mdogo wangu. Begi kilo 28, ndani kuna abaya ya mama, viatu vya bibi harusi na mashine ya kumpimia mama presha. Dubai pale kaunta nikamuonesha yule kaka tiketi ya pili kwenye simu, nikamuuliza begi linafika Dar? Akaangalia simu kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akasema hakuna shida. Akafunga tagi, akabandika kile kipande cha risiti nyuma ya pasipoti, mimi huyo mpaka getini. Nairobi nikapita transiti, nikapewa boding pasi ya pili, hakuna aliyeniuliza habari ya begi.

Dar nikasimama kwenye mkanda mpaka watu wote wameondoka na mkanda ukazimwa. Nikaenda dawati la mizigo, dada wa pale akaomba risiti yangu, akaiangalia, akaniwekea kidole juu yake: NBO. Herufi tatu nyeusi nene, ndio code ya uwanja wa Nairobi. Yaani begi langu lilikuwa limefika mwisho wa safari yake vizuri tu, limeshushwa Nairobi likawa linazunguka kwenye mkanda ule ulio nje ya uhamiaji, na mimi uhamiaji sikupita kwa sababu nilikuwa transiti. Nikamwambia basi niandikie ripoti. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, hili begi halijawahi kuwa letu."

Pale ndipo nilipoelewa biashara yenyewe ilivyo. Ukiwa na tiketi moja, hata kama ndege ni za mashirika mawili, una mkataba mmoja wa safari, begi likichelewa kuna mtu wa kumuuliza na ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa wanakutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili una mikataba miwili isiyojuana. Shirika la kwanza limekufikisha Nairobi, kazi imeisha. La pili linakusubiri Nairobi kama abiria anayeanzia pale pale, usipotokea umekosa ndege yao na tiketi inaweza kuliwa yote. Ile hela niliyookoa ndio ilikuwa bei ya mtu wa kunijibu.

Begi lilikaa Nairobi siku nne. Simu za shirika la kwanza, imeili, picha ya risiti, kopi ya pasipoti, mwisho mtoto wa mama mdogo anayekaa Nairobi akaenda na barua yangu akapewa, akapanda nalo basi kupitia Namanga. Harusi ilikuwa imepita siku mbili. Mdogo wangu aliolewa na viatu vya kuazima, vilikuwa vinambana mpaka anachechemea. Mama yeye abaya ameivaa Idi, na sijui kama ilimuuma kuliko mimi.

Safari ya pili nilitokea Dar kwenda Dubai, tena kupitia Nairobi, tena mashirika mawili lakini sio yale. Hapa nataka nitoe sifa kwa moyo wote. Dada wa kaunta aliniuliza mwenyewe kabla sijafungua mdomo, "Unaishia Nairobi au unaendelea?" Nikampa namba ya tiketi ya pili, ile ndefu yenye tarakimu 13, sio ile code ya bukingi yenye herufi na namba sita. Akaandika, akasubiri, akamwita msimamizi wake wakaangalia skrini pamoja kama dakika kumi hivi, foleni nyuma inanuna, lakini hakunifukuza. Tagi ikatoka. Akanigeuzia nisome kabla hajaifunga: DXB kubwa, yaani Dubai, na Nairobi imeandikwa kama kituo cha kupitia. Dubai begi lilitoka kati ya yale ya mwanzo. Dada yule Mungu ambariki.

Kwa nini huku imewezekana na kule haikuwezekana? Mashirika yanakuwa na mikataba ya kubebeana abiria na mizigo, wenyewe wanaita intalaini. Kama haya mawili hawana huo mkataba, mtu wa kaunta hata akupende vipi sistimu haitamtolea tagi ya mpaka mwisho. Mashirika mengi ya bei nafuu hawana kabisa, wanakubeba kutoka hapa mpaka pale basi. Na hata mkataba ukiwepo sio lazima wakufanyie, kuna mashirika sheria yao inasema begi linapitilizwa kwenye tiketi moja tu. Zamani miungano mikubwa ya mashirika ya ndege ilikuwa na moyo zaidi, lakini 2016 mmoja wao, oneworld, waliacha kuwalazimisha wanachama wao kupitiliza mizigo ya tiketi tofauti, kila shirika likaachiwa liamue. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi juzi nilipitilizishiwa" anaweza kuwa anasema kweli tupu na wewe leo ukakataliwa kaunta ile ile.

Safari ya tatu nilijua kabisa shirika la kwanza ni la bei nafuu na hawapitilizi, kwa hiyo nikapanga masaa matano Nairobi. Nikatoka uhamiaji, na sisi Watanzania Kenya hatuhitaji viza kwa hiyo hapo tuna nafuu kubwa, nikachukua begi langu, nikapita forodha, nikapanda juu kwenye kaunta za kuondokea nikajichekini upya. Masaa matano nilidhani mengi, nilibaki na kama saa moja na nusu tu. Na nikalipishwa, kwa sababu tiketi ya kwanza ilikuwa na kilo 30 na ya pili 23. Hilo watu hawalifikirii, kilo ulizobeba kwenye ndege ya kwanza sio lazima zikubalike kwenye ya pili.

Sasa fikiria huna viza. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaopita Dubai kwenda Guangzhou kwa tiketi mbili, begi lisipopitilizwa inabidi utoke nje ulichukue, na kutoka nje unahitaji viza ya Emirati. Huna viza, unabaki ndani na begi linabaki nje. Wengine huzuiwa hapo hapo Dar, wanaambiwa bila viza hawapandi. Na ndugu wa Marekani, hata tiketi ikiwa moja, uwanja wa kwanza mnaotua kule karibu kila mara mnachukua begi, mnapita nalo forodha ndio mnalikabidhi tena. Wanaoendelea Mwanza au Bukoba kwa tiketi nyingine nao wakumbuke pale Dar ndege za nje zinatua Terminal 3 na nyingi za ndani zinaondokea Terminal 2, na begi unalihamisha mwenyewe.

Mimi sasa hivi simuulizi tena mtu wa kaunta "litafika?" Nasoma tagi. Herufi tatu kubwa ndizo zinazosema begi linaishia wapi, zikiwa NBO wewe unaenda DAR basi sema pale pale kabla halijaondoka kwenye mkanda, likishaingia ndani umechelewa. Napiga picha tagi na begi lenyewe. Ile risiti yenye namba ya tarakimu 10 naitunza kama pasipoti. Dawa, nyaraka na nguo ya shughuli zinakaa kwenye begi la mkononi, hilo sijadili na mtu.

Likipotea likiwa na tagi ya mpaka mwisho, ripoti uwanja wa mwisho kabla hujatoka ukumbi wa mizigo na usiondoke bila ile namba ya ripoti, inaanza na code ya uwanja. Tanzania na Kenya zote zimo kwenye Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa fidia za abiria na mizigo ya ndege. Begi likiharibika unaliandikia shirika malalamiko ndani ya siku 7, likichelewa siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na tangu mwisho wa 2024 kikomo cha fidia ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), kama dola 2,000 na ushee. Hicho ni kikomo tu, hawakupi hivi hivi, risiti za vitu vyako ndio zinaongea.

Kwa huduma yenyewe natoa nyota 2 kati ya 5. Zote mbili ni za yule dada wa Dar. Zile tatu nawanyima kwa sababu abiria anaambiwa "hakuna shida" na mtu ambaye hajaangalia kitu, na hakuna mahali kwenye tiketi palipoandikwa kwa lugha ya kueleweka kwamba begi lako linaishia njiani. Wangeandika mstari mmoja tu.

Desemba mama anakuja kunitembelea, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nimemkatia tiketi moja Dar mpaka Dubai, imezidi dola 85, na nimemwambia asome DXB kwenye tagi kabla hajaliachia begi. Ameshaiandika kwenye karatasi, ameiweka ndani ya pasipoti.