Uzoefu wangu: matunguu adimu ya maua niliyoagiza Arusha nikayapanda Bwiru, Mwanza

Kwa wanaouliza kama inafaa kuagiza matunguu adimu ya maua (yale yanayoota kutoka kwenye kitu kama kitunguu) ukiwa Mwanza, jibu langu ni ndiyo, ila kwa masharti. Nilinunua kwa muuzaji mmoja wa Arusha ambaye sitamtaja, maana nina ya kumsifu na nina ya kumlaumu, na yote tumeshaongea naye. Anauza kwa simu: unatuma hela, anapakia mzigo kwenye basi, wewe unaupokea stendi ya Nyegezi. Bei zake si za mchezo. Tunguu moja la Hippeastrum papilio lilinigharimu zaidi ya mche wa mwembe wa kisasa, na mume wangu bado hajalisahau hilo.

Niliagiza hilo papilio, ambalo asili yake ni misitu ya Brazili, pamoja na Sprekelia formosissima ya Meksiko, Scadoxus multiflorus na Gloriosa superba. Nikamuuliza na tulipu, lile ua la nchi za baridi, kwa kuwa binti yangu aliziona mtandaoni na hakutulia tena. Akanijibu: "Mama, tulipu kwa Mwanza utakuwa unatupa hela. Ukitaka nakuuzia, ila nimeshakwambia."

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Tulipu haichanui vizuri mpaka tunguu lipitie baridi ya chini ya nyuzi 9 hivi, kwa wiki 12 hadi 16. Sisi tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, ni kweli, lakini ziwa linatufunika kama blanketi, na hata Julai usiku wetu haukaribii huko. Wapo wanaoyaweka matunguu kwenye friji. Inawezekana, mradi yasikae na matunda, kwa sababu gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huharibu ua likiwa bado changa ndani ya tunguu. Na mwaka unaofuata unaanza upya. Friji yangu ina sato, haina nafasi ya tulipu.

Sasa mzigo wenyewe. Alikuwa ameyafunga matunguu kwenye nailoni iliyokazwa, haina hata tundu. Tunguu lililolala bado linapumua, na ukilifungia safari nzima kutoka Arusha kupitia Singida na Shinyanga litatoka jasho. Sprekelia moja ilifika imelainika upande wa chini na inanuka. Nililipiga picha nikamtumia, akanitumia Sprekelia nyingine bila kubishana, hilo nampa haki yake. Lakini majina alikuwa ameyaandika kwa wino kwenye vikaratasi, na jasho lile lile likayafuta, nikabaki kubahatisha lipi ni Sprekelia na lipi ni Scadoxus mpaka majani yalipotoka.

Halafu kuna suala la ukubwa. Wafanyabiashara wa matunguu duniani huuza kwa mzingo, yaani sentimita ngapi kulizunguka tunguu. Hippeastrum za kawaida za sokoni huwa 24/26 (yaani sentimita 24 hadi 26), 26/28 na kuendelea, na kadiri tunguu linavyokuwa kubwa ndivyo unavyotarajia mashina mengi ya maua. Huyu ndugu anaandika tu "kubwa" na "la kati". La kati la Scadoxus lilikuwa dogo kiasi kwamba mwaka wa kwanza lilitoa majani peke yake. Kabla hujatuma hela, mwambie alipime kwa futikamba, akupigie picha futikamba ikiwa juu yake.

Kuhusu maua yenyewe sina la kulalamika. Papilio ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ua lake lina rangi ya kijani iliyochanganyika na nyeupe, na michirizi ya damu ya mzee, limekaa kama kipepeo mkubwa aliyetua, na ndiyo maana likapewa jina hilo, maana papilio ni kipepeo kwa Kilatini. Tofauti na Hippeastrum nyingi, hii haipukutishi majani yote na haitaki kulazwa kikavu kabisa. Inachotaka ni maji yasituame. Nilichanganya udongo wa hapa mlimani, ambao ni mchanga uliomeguka kutoka kwenye mawe yetu, na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na pumba za mpunga zilizochomwa, nikaacha shingo na mabega ya tunguu nje. Wenzangu mnaokaa kwenye udongo mweusi wa mbuga, pandeni kwenye chungu au muinue tuta, la sivyo litaoza masika ya kwanza tu.

Scadoxus ni wa kwetu Afrika, hata Tanzania anaota porini, na anaijua mvua. Lile tunguu kubwa lilikaa kimya kiangazi chote katikati ya mawe mawili, silimwagilii, hadi nikadhani limekufa. Vuli ilipopiga, shina likatoka kabla ya majani likiwa na madoadoa mekundu, na juu yake likafunguka tufe moja jekundu lililoundwa na vijiua vyembamba ambavyo hufika hata 200. Ndege chozi walikuwa hapo tangu asubuhi. Pimbi wa kwenye mawe hawakuligusa, na pimbi wangu hugusa kila kitu, hata sukumawiki.

Gloriosa ndiyo nataka kuisema kwa kirefu. Hiyo nayo ni ya Afrika na Asia, ndilo ua la taifa la Zimbabwe, na kwa uzuri sijaona cha kuishinda kwenye uzio: ncha za majani hujikunja na kushika waya, petali zinarudi nyuma na kusimama, manjano chini, nyekundu juu. Inaota kutoka kwenye kiazi kirefu kilichopinda, na chipukizi hutoka kwenye ncha tu. Ncha ikivunjika, kiazi hicho kimekwisha. Muuzaji analijua hilo, maana kila ncha aliifunika kwa karatasi na maranda. Wengine watasema kwa nini ununue ua unaloweza kulichimba porini. Mimi naona bora kununua kilichokuzwa kitaluni. Anayechimba na jembe huvunja ncha, na pori linabaki tupu bure.

Lakini kiazi hicho kina sumu iitwayo kolchisini. Ni dawa ya gauti kwa vipimo vidogo vya daktari, ila kiazi chenyewe ukikila kinaua, na kukichemsha hakusaidii. Watu wameshakufa kwa kudhani ni kiazi cha kula. Sasa fikiria huku kwetu Usukumani, ambako kiazi kitamu ndicho michembe na ndicho matobolwa. Mzigo ulipofika niliufungua mezani, na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Sengerema, akakishika kimoja akakigeuza. "Mkamwana, hivi viazi vyako ni vya aina gani, mbona vimepinda hivi?" Nikamweleza, akakiweka chini na kwenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwenye mzigo mzima hapakuwa na neno moja la onyo. Muuzaji alikilinda kiazi vizuri kuliko alivyomlinda mtu atakayekikuta jikoni. Kwa hilo namkata alama nyingi kuliko kwa nailoni. Matunguu yale mengine nayo hayaliwi, hutapisha, ila hayafanani na chakula kama hiki. Mwenye watoto wadogo au mbuzi wa kufunguliwa, Gloriosa aipande mahali wasipofika au aiache kabisa.

Sprekelia mpaka leo ni majani tu. Jamii hii haipendi mizizi isumbuliwe, kwa hiyo naiacha ilipo, juani, nione msimu ujao.

Kitu kingine ambacho muuzaji hawezi kukuambia, kwa sababu hakai kwako, ni viwavi. Kuna wale wa mistari myeusi na yenye weupe, watoto wa nondo aitwaye Brithys crini, wanaoingia ndani ya jani na kushuka nalo hadi kwenye tunguu. Walianzia kwenye yungiyungi za bustani ya jirani, wakahamia kwenye papilio. Nawatoa kwa mkono jioni na kuwatia kwenye maji ya sabuni. Jani ukiliona lina madirisha meupe, usingoje kesho.

Na muda wa kuagiza: Agosti au Septemba, matunguu yakiwa yamelala na barabara kavu. Yeye anauza mwaka mzima, hela ni hela, lakini Scadoxus aliyonitumia Desemba ilifika imeshachipua gizani, shina limepinda na kupauka.

Nimeagiza tena. Papilio mbili, na Eucharis amazonica, ile nyeupe yenye harufu inayotaka kivuli, kwa ajili ya ubavu wa nyumba ambako jua halifiki. Masharti nimemwandikia: gazeti badala ya nailoni, mzingo kwa sentimita, majina kwa penseli, na kila kiazi cha Gloriosa atakachomuuzia mtu yeyote kiandikwe SUMU. Amejibu, "Sawa mama." Mzigo ukifika nitawaambia kama lebo imo.