Kulinasa pigo moja baya kati ya sabini elfu: uzoefu wangu na oskiloskopu yenye maski

Nimeitumia oskiloskopu hii, chombo kinachochora kwenye skrini jinsi volti zinavyopanda na kushuka, kwa miezi minane sasa, na nilichoinunulia hasa ni kukamata kasoro inayojificha ndani ya mawimbi yanayojirudia. Ina chaneli nne, upana wa masafa megahezi 100, na huchukua sampuli bilioni 1 kwa sekunde ukiwasha chaneli moja. Ukiwasha zote nne zinagawana kasi hiyo.

Kilichonifikisha hapa ni bodi ya kuendeshea mota. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, ilikuwa inatoa mapigo 20,000 kwa sekunde, yaani pigo jipya kila mikrosekunde 50, na upana wa pigo ndio unaoamua mota ipate nguvu kiasi gani. Mota ilikuwa inazunguka vizuri, halafu kila baada ya sekunde tatu au nne inashtuka. Ukiweka kidole juu ya ganda lake unauhisi mshtuko waziwazi. Lakini kwenye oskiloskopu yangu ya zamani mapigo yalisimama sawasawa kama meno ya kitana. Nikabadilisha kapasita, nikabadilisha transista, nikapiga lehemu upya viungo ambavyo havikuwa na shida yoyote. Siku tatu zikapotea.

Oskiloskopu ya kidijitali hunasa kipande cha wimbi, kisha husimama kidogo kukichakata na kukichora, na wakati huo haioni kitu. Ile ya zamani ilikuwa inachora kama mawimbi 50 kwa sekunde. Skrini nzima nilikuwa nimeipanga ibebe mikrosekunde 100, kwa hiyo fanya hesabu: katika kila sekunde iliona milisekunde 5, na zile 995 zilizobaki ilikuwa kipofu. Kasoro ya kila sekunde tatu au nne ingeangukia kwenye dirisha hilo mara moja katika dakika kumi na kitu, tena ingepita skrini kufumba na kufumbua. Zile za kale za kioo cha fosfa hazikuwa na upofu mkubwa hivi, maana zilikosa kuona tu pale nukta ya mwanga inaporudi kushoto na kusubiri triga, yaani sharti linaloamuru mchoro uanze. Ila tukio la nadra liliacha mwanga hafifu mno, usingeliona bila kuzima taa za chumba.

Tangazo la hii mpya linasema mawimbi 100,000 kwa sekunde. Anayetaka kununua aisome namba hiyo kwa makini sana, kwa sababu inapatikana kwenye mpangilio mmoja tu wa muda, ule wa nanosekunde chache. Kwa dirisha langu la mikrosekunde 100, hata chombo kisichopumzika kabisa kisingevuka mawimbi 10,000, kwani sekunde haina nafasi zaidi ya hapo. Nilichukua kihesabu masafa, nikakiunganisha kwenye tundu la nyuma linalotoa ishara kila triga inapofyatuka, nikapata kama 4,000. Yaani inaona asilimia 40 ya muda, na ile ya zamani iliona nusu ya asilimia moja. Kwangu tofauti hiyo pekee imerudisha fedha niliyoilipia.

Nilianza na hali ya kubakiza alama, ambapo kila wimbi linaachwa kwenye skrini bila kufutwa. Haikupita dakika moja, ukatokea mstari mwembamba wa buluu, hafifu, ukipita juu moja kwa moja mahali ambapo volti zilipaswa kuwa zimeshuka hadi sifuri. Chombo hiki hupaka rangi kulingana na mara ngapi wimbi limepita pale: nyekundu kwa yanayopita kila mara, buluu kwa yale ya nadra. Nikauangalia mstari ule wa buluu kwa muda mrefu. Siku tatu zangu zote zilikuwa pale.

Sasa nilijua sura ya kasoro: pigo pana kupita kiasi. Nikabadilisha triga, nikaiambia isubiri pigo lolote lenye upana wa zaidi ya mikrosekunde 30. Hapa ndipo wengi hawajui wanachokimiliki. Saketi ya triga ikishakuwa tayari huitazama ishara mfululizo, bila kupumzika, kwa hiyo wakati wa kusubiri hakuna upofu wowote. Ikanasa pigo la mikrosekunde 69, mahali ambapo la kawaida lilikuwa 20. Hamsini na kumi na tisa. Mzunguko mzima ulipita bila kushuka, ukaungana na pigo lililofuata.

Namba hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye programu. Nilikuwa naandika thamani mpya ya upana kwenye rejista, kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu, wakati wowote, katikati ya mzunguko. Kihesabu cha taima, kinachohesabu mikrosekunde tangu mzunguko uanze, kikiwa kimeshaipita 19, na mimi ndiyo kwanza naishusha rejista kutoka 20 kwenda 19, basi hakikutani tena na namba hiyo hadi mzunguko ujao, na pigo linabaki juu. Dawa yake ni kuwasha rejista ya akiba, ili thamani mpya ianze kutumika mwanzo wa mzunguko tu. Ni biti moja. Transista niliyoing'oa haikuwa na kosa.

Kisha nikaja kwenye maski, na hapa nina sifa na malalamiko. Unachukua wimbi zuri, unaliwekea nafasi ya kuyumba juu na chini, kushoto na kulia, na chombo kinachora mpaka kulizunguka. Kila wimbi linalogusa nje ya mpaka linahesabiwa, na unaweza kukiamuru kisimame hapo hapo ili ulione. Inafanya kazi vizuri. Lakini ukigusa kitufe cha muda au cha volti, maski inabaki na vipimo vya awali na inabidi uichore upya, na hakuna onyo lolote. Pia kasi inashuka: yale mawimbi 4,000 yakawa kama 2,500.

Mara ya kwanza maski ilinihesabia kasoro mamia, zote za uongo. Waya mrefu wa athi wa probu, ile kalamu inayogusa saketi na kuleta ishara kwenye chombo, ulikuwa unaleta mtikisiko kwenye kila ukingo wa pigo, na mtikisiko ule ulikuwa unavuka mpaka. Nilipouondoa na kuweka springi fupi kwenye ncha ya probu, hesabu ikarudi sifuri. Springi hizo zimo kwenye kipochi, usizitupe.

Jambo jingine: usiwashe hali ya wastani unapotafuta kitu cha nadra. Mchoro unapendeza sana, mawimbi 64 yanachanganywa kuwa moja na makelele yanatoweka, lakini pigo lako baya nalo linayeyuka humo humo. Mtu anaweza kuukabidhi mchoro huo kama ushahidi kwamba bodi ni nzima, na akawa amekosea kabisa.

Baada ya kurekebisha programu niliiacha maski usiku kucha, kwa muda wa saa tisa. Asubuhi skrini ilionyesha zaidi ya mawimbi milioni 80, yaliyofeli 0. Ila kwa mawimbi 2,500 kwa sekunde ilikuwa imeona robo tu ya usiku ule, na sikutaka kumkabidhi mtu bodi kwa robo. Usiku wa pili nikaweka ile triga ya upana, ikasubiri mpaka asubuhi. Nilipoingia, neno lililokuwa kwenye kona ya skrini lilikuwa lile lile nililoliacha, kwamba bado inasubiri.