Tovuti mbili za kuifuatilia kazi ya Obama kabla ya urais

Anayetaka kujua Barack Obama alifanya nini hasa kabla ya kuwa rais asianzie kwenye hotuba zake. Rekodi zipo wazi, bure na bila kujisajili. Miaka yake ya useneta wa jimbo, kuanzia 1997 hadi Novemba 2004, iko ilga.gov, tovuti ya Bunge la Illinois. Ile ya Seneti ya taifa, Januari 2005 hadi Novemba 2008, iko Congress.gov, inayoendeshwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Congress.gov ni kazi nzuri sana. Fungua ukurasa wa Obama, kisha tenganisha miswada aliyoiwasilisha mwenyewe na ile aliyoiunga mkono tu. Wengi huruka hatua hii, wakaishia kumpa sifa za kazi ya wenzake. Utafutaji wa kawaida huanzia Bunge la sasa, kwa hiyo chagua la 109 (2005–2006) na la 110 (2007–2008). Namba za miswada nazo huanza upya kila baada ya miaka miwili, ukiandika S. 2125 (S. ni mswada wa Seneti) bila kutaja Bunge la 109, utaletewa miswada isiyohusiana kabisa.

Na huo S. 2125 usikupite. Unahusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: misaada, usalama na uchaguzi. Obama aliuwasilisha Desemba 2005, Rais Bush akautia saini Desemba 2006, ukawa Sheria 109-456, ya kwanza ya taifa kupita Obama akiwa mwasilishaji mkuu. Soma maandishi ya sheria yenyewe, usiishie kwenye muhtasari. Humo zinatajwa dola milioni 52, lakini kutaja kiasi si kutoa fedha. Fedha hutolewa kwa sheria nyingine za bajeti, na ukurasa huu haukupeleki huko. Huo ni upungufu mkubwa kwa msomaji wa Goma au Bukavu anayetaka kujua kilichofika.

Kuna kasoro nyingine. S. 2566, mswada wake na seneta mwenzake Richard Lugar kuhusu silaha zilizozagaa, haupo kwenye orodha ya sheria, ungedhani ulikufa. Kumbe maudhui yake yaliingizwa katika sheria nyingine iliyosainiwa Januari 2007. Kagua miswada inayohusiana kabla ya kuhukumu.

Ilga.gov inahitaji subira. Mabunge ya zamani yametengwa. Nenda la 93, la 2003 na 2004, chama chake kilipokuwa kimeshika wingi wa Seneti. Hapo ndipo utaikuta SB 15 (SB ni mswada wa Seneti ya jimbo), inayotaka mahojiano ya washukiwa wa mauaji yarekodiwe. Ukiona mstari wa mwisho umeandikwa "Session Sine Die", mswada ulikufa kikao kilipofungwa. Mingi hufia kamati ya kanuni bila kupigiwa kura, kwa hiyo wingi wa miswada iliyokufa si kipimo cha uvivu.

Orodha za kura zina herufi Y (ndiyo), N (hapana), P na NV (hakupiga kura). P ni "nipo", kura iliyomletea Obama lawama nyingi mwaka 2008. Kabla ya kulaumu, kumbuka kwamba Illinois hudai kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59, wawepo wasiwepo. P haisaidii mswada kupita hata kidogo. Kwa matokeo ni sawa na hapana. Tovuti haielezi hilo popote karibu na kura zenyewe, na ingepaswa.